Mwalimu wa Ulimi

Katika shule moja ya msingi pale Gihundwe, Rwanda, karibu na mji wa Cyangugu, Odette Mukandekezi aliitwa mwalimu wa ulimi, na jina hilo alipewa na watoto wenyewe. Cheti chake kilikuwa na neno refu la Kifaransa ambalo hata direkta, mkuu wa shule, alilitamka kwa kusitasita. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watoto ambao maneno yaliwagomea. Walikuwapo wenye kigugumizi, waliozaliwa na mdomo uliopasuka wakashonwa wakiwa wameshakua, wasiosikia vizuri, na wale ambao mdomoni hawakuwa na hitilafu yoyote ila hawakusema.

Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya vitabu, mwisho wa baraza. Humo alikuwa na kioo cha ukutani kilichokatika pembe moja, karata za picha alizozichora mwenyewe, unyoya wa kuku wa kupulizwa juu ya meza ili mtoto ajifunze kutoa pumzi mdomoni badala ya puani, na ngoma ndogo ya kuwapigia wenye kigugumizi mwendo wa polepole. Asali alikuwa nayo pia, kwenye kichupa cha dawa. Alimpaka mtoto tone moja juu ya mdomo ili ulimi uifuate, na hapo hata mvivu alifanya mazoezi.

Kazi hiyo alijifunza Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi, kabla ya mambo yote kuharibika. Miaka miwili alikaa kwenye kituo cha watoto viziwi, chini ya mama mmoja wa kabila la Washi aliyeitwa Ciza. Alirudi nyumbani mwaka 1993. Mwaka uliofuata alipoteza wazazi na kaka wawili, akabaki na mdogo wake mmoja tu, Iriza, aliyekuwa na miaka sita. Tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayekimbia mvua. Mwaka 2004, akiwa na miaka thelathini na minne, alikuwa na watoto arobaini na mmoja kwenye orodha yake, bila msaidizi.

Mwisho wa mwezi wa tano mwaka huo, vita ikarudi Bukavu. Kutoka Cyangugu watu walisimama kwenye mteremko wakisikia mizinga na kuona moshi juu ya mapaa ya ng'ambo, na darajani wakaanza kupita wenye magodoro, wenye masufuria, wenye watoto mgongoni. Siku ya tatu Odette alishuka mpakani kutafuta watu anaowajua, akamkuta Maman Ciza amekaa juu ya jiwe. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini sasa, amevaa vitenge viwili kimoja juu ya kingine, na mkoba wa mkononi. Hakulia wala hakumkumbatia. Alimtazama tu mwanafunzi wake wa zamani, akamsikiliza akisalimia, kisha akamwambia sauti yake imekuwa kama gunia linaloburutwa kwenye changarawe.

Odette alimchukua akakae kwake. Ciza hakuwa mtu wa kukaa bure. Alipika, alifagia, na alimwangalia mwenyeji wake. Aliona kwamba Odette anakunywa chai akiwa amesimama, kwamba akitoka shuleni anarudi na karata kwapani ili azichore upya, kwamba akikohoa anashika shingo. Aliuliza idadi ya watoto. Aliposikia ni arobaini na mmoja alisema kwamba Bukavu, siku za amani, yeye alikuwa na kumi na wanane, na walikuwa watu watatu kazini.

"Na nani anaangalia koo lako wewe?" aliuliza.

Odette alicheka. Akasema koo litapona likizo ikifika.

Katikati ya mwezi wa sita aliletewa mtoto wa arobaini na mbili. Aliitwa Divine, ana miaka tisa, ametoka Bukavu. Aliyemleta alikuwa mama mkubwa wake, Nzigire, mwanamke mrefu anayeishi Kamembe mwaka wa pili sasa, akivusha nyanya na karoti kwenda ng'ambo na kurudi na vitenge. Nzigire alieleza kwa kifupi kwamba mtoto huyu ni wa mdogo wake, kwamba tangu avuke hajatoa neno, na kwamba anasikia vizuri maana ukiita anageuka. Odette alipouliza mama wa mtoto yuko wapi, Nzigire alitazama mlangoni akasema hawajapata habari.

Direkta, Ladislas, alikuwa mtu mwema lakini wa kusukuma mambo. Alisema mtoto huyo apewe nafasi kila siku, kwa sababu mwalimu wa darasa la tatu analalamika kwamba anamtisha na macho yake. Odette akamweka mwisho wa siku, baada ya wengine wote, saa ambayo yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu.

Alijaribu kila alichojua. Alimkalisha mbele ya kioo, wakapuliza unyoya, na Divine aliupuliza vizuri, kwa pumzi ndefu iliyonyooka. Akamlambisha asali, ulimi ukaenda juu, chini, kushoto, kulia. Kwenye karata alionyesha kwa kidole kila kitu alichotajiwa: ng'ombe, jembe, mtumbwi, kengele. Hakuna kilichoharibika kwenye kinywa kile. Lakini kila Odette alipomwomba sauti moja tu, hata ile ya nyuki, mtoto alifunga midomo na kumtazama bila kupepesa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu akitunze.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya. Vumbi la kiangazi liliingia kila mahali, darasa la jirani waliimba majedwali ya kuzidisha tangu asubuhi, na Odette alilazimika kupaza sauti juu yao. Ijumaa aliwapokea watoto kumi na watatu. Wa kumi na mbili alikuwa mvulana mwenye kigugumizi aliyelia kwa sababu wenzake walimwigiza. Sauti ya Odette ilikuwa inakatika katikati ya maneno.

Divine akaingia, akakaa mbele ya kioo. Odette akamwonyesha karata ya nyuki. Midomo ikafungwa. Akaonyesha tena. Mara ya tatu, akiwa hajui amesimama saa ngapi, alimshika mtoto mashavuni, vidole huku na huku, akabana mpaka mdomo ukafunguka.

"Sema," alimwambia kwa sauti ile iliyokwaruza. "Sema hata kimoja. Sema!"

Divine hakulia. Hakutoa hata mguno wa maumivu. Macho yake yaliondoka usoni pa Odette yakaenda mahali pengine, na mkojo ukashuka miguuni, ukadondoka kwenye sakafu ya saruji. Hapo Odette akaachia. Alama nne za vidole zilibaki kwenye shavu moja. Alichukua kitenge chake mwenyewe, akampangusa, akafuta sakafu, akamfunga mtoto kitenge kile kiunoni, akampeleka hadi barabarani alikosubiriwa na mtoto wa jirani. Kisha akarudi chumbani akakaa kwenye kile kiti kidogo, na alipojiona kwenye kioo akageuza uso.

Hakumwambia mtu siku hiyo. Jumamosi asubuhi walikuwa wanachambua maharage uani, yeye na Ciza, naye akasema yote bila kuinua kichwa. Ciza aliacha kuchambua.

"Ulimushika wapi?"

Odette akaonyesha kwenye mashavu yake mwenyewe.

"Nani anajua?"

"Yeye na mimi. Na wewe sasa."

Ciza hakumpa pole, wala hakumtukana. Alisema kwamba leo hii, kabla ya jua kuzama, aende kwa Nzigire akamwambie mwenyewe, kwa maneno yaleyale, bila kupunguza. Kisha akamuuliza swali ambalo Odette hakulitazamia: kabla ya mtoto huyu, alishawahi kumshika nani mdomo?

Odette aliendelea kuchambua. Punje za maharage zilikuwa zinampita vidoleni. Akasimulia jambo ambalo kwa miaka kumi hakuwahi kulisimulia: siku tano katika shamba la migomba huko Mururu, yeye chini, Iriza juu ya kifua chake, wauaji wakipita njiani wakiongea na kucheka, na mtoto akitaka kulia kwa njaa. Alimziba kinywa kwa kiganja. Mara moja alimziba hadi mtoto akalegea, akadhani amemuua. Watu wale walipopita aliondoa mkono, na Iriza akavuta pumzi.

"Tangu pale nafungua batoto vinywa," alisema. "Kila siku. Na sijachoka kufungua, Maman. Ndiyo maana siwezi kukaa."

"Umechoka," Ciza alisema. "Hujui tu kama umechoka."

Mchana Odette alipanda Kamembe. Nzigire alikuwa nje anaosha sahani, Divine ndani. Odette alisema alichokuja kusema, akiwa amesimama. Nzigire alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imezama kwenye beseni.

"Mi nilikuletea mutoto juu nilisikia una mikono ya polepole," alisema. Aliendelea kuosha sahani, na baada ya muda Odette akaelewa kwamba ameagwa.

Jumatatu Divine hakuja. Odette akaenda kwa direkta akamweleza naye, na akasema yuko tayari kuachishwa kazi. Ladislas alivua miwani. Alisema amechelewa kumpa msaidizi, na kwamba hilo ni kosa lake yeye. Lakini mtoto kuguswa namna ile ni jambo ambalo lazima aliandike, akaliandika pale pale mbele yake. Kisha akamtuma hospitalini na lile koo. Daktari alitazama akakuta vijinundu vidogo kwenye nyuzi za sauti, akamwamuru anyamaze siku saba. Asinong'one pia, maana kunong'ona kunaumiza zaidi.

Siku zile saba Ciza alimfundisha upya, kama miaka ile ya Bukavu. Alimfundisha kutia mrija kwenye glasi ya maji na kuguna ndani yake mpaka maji yachemke, dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, ili koo lilainike. Alimwambia asishindane tena na darasa la jirani, apige kofi mara mbili watoto wageuke, kisha aseme kwa sauti ya kawaida. Watoto sita kwa siku, si kumi na watatu, na kati ya mmoja na mwingine atoke nje, atazame mbali, anywe maji. Mwisho wa siku aandike mistari mitatu kwa kila mtoto, afunge daftari, aliache shuleni.

Odette aliandika kwenye karatasi: *Na wale wengine watakaobaki?*

Ciza alisoma akarudisha karatasi. "Watabaki," alisema. "Leo pia banabaki, ila wewe huoni juu unakimbia."

Siku ya tisa, Odette alipokuwa amerudi kazini na sauti ndogo kama ya mgonjwa, Nzigire alitokea mlangoni pa stoo, peke yake. Hakukaa. Alisema hakuja kwa ajili ya msamaha, hilo bado liko tumboni mwake. Alikuja kwa sababu kuna jambo alilificha, na siku mbili hajalala vizuri kwa ajili yake.

Jambo lenyewe alilipata kwa jirani wa mdogo wake aliyevuka kabla mtoto hajaletwa shuleni. Wenye silaha walipoingia mtaani, mama yake Divine alimweka mtoto nyuma ya magunia ya makaa jikoni. Jirani, aliyekuwa amejibanza upande wa pili wa ukuta wa mbao, alimsikia akisema: usitoe sauti, hata usikie nini, mpaka nirudi mimi mwenyewe nikuambie. Kisha wakamchukua. Mtoto alikutwa siku ya pili, bado yuko nyuma ya magunia. Nzigire hakutaka kulisema shuleni kwa sababu watu wangeanza kuuliza mdogo wake alifanywa nini, na yeye mwenyewe hakutaka kuuliza.

Odette alishika ukingo wa meza. Wiki mbili nzima alikuwa amemdai mtoto avunje neno alilopewa na mama yake.

"Hapana ugonjwa," alisema taratibu. "Anatii."

Nzigire alikuwa ameshafikiria la kufanya. Angemwambia mtoto kwamba mama amepiga simu, amesema sasa anaweza kuongea. Odette akakataa. Alisema akija kugundua ni uongo atafunga tena, na safari hiyo hatakuwa na mtu wa kumwamini duniani. Nzigire akakasirika, akauliza sasa afanye nini, angoje maiti? Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa majani ya migomba.

Ndipo Odette akauliza, "Kati yako na mama yake, nani mkubwa?"

"Mi. Nimemupita miaka mine. Mi ndiye nilimubeba mugongoni."

"Akikataza kitu, na wewe upo, neno la nani linapita?"

Nzigire alimtazama, na taratibu uso wake ukabadilika. Aliweka kitenge sawa begani akaondoka.

Odette hakuwapo Nzigire alipofanya jambo lenyewe. Aliambiwa baadaye. Nzigire alimkalisha mtoto kitandani mchana, akamweleza ukweli wote anaoujua: kwamba mama yake amechukuliwa, kwamba hajulikani alipo, kwamba huenda akarudi na huenda asirudi. Kisha akamwambia kwamba mama yake ni mdogo wake yeye, na neno la mdogo, mkubwa anaweza kuliondoa, na sasa analiondoa. Akirudi na kukasirika, atakasirikiwa yeye Nzigire. Divine alimsikiliza na macho yale. Hakusema kitu siku hiyo, wala wiki hiyo. Alianza kulia, basi, bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, kila mchana kwa siku kadhaa, hadi majirani wakaja kuuliza. Mwisho wa mwezi wa saba, akiwa anamenya viazi, aliuliza chumvi iko wapi.

Nzigire alipokuja kutoa habari hiyo Odette alifurahi, na ndani ya furaha hiyo akasikia kitu kinachouma ambacho alikitambua kuwa ni wivu. Alimweleza Ciza jioni. Ciza, aliyekuwa anafunga vitu vyake ili arudi Bukavu aone kama nyumba bado ina paa, alisema hilo nalo aliandike kwenye daftari na aliache shuleni.

Kupunguza orodha kulikuwa kazi ngumu kuliko kunyamaza. Ladislas alimkubalia watoto ishirini na wanne, lakini alimtaka achague mwenyewe nani atoke. Odette aliwafundisha walimu wa madarasa kwa siku tatu: mwenye kigugumizi asimaliziwe neno, aangaliwe usoni, mwalimu ahesabu moyoni mpaka tano kabla ya kusema chochote. Baadhi walifuata. Baba mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, alipanda kutoka Bugarama baada ya kusikia mwanawe anayesoma hapo ameondolewa; alisimama barazani na kofia mkononi, akauliza kama mtoto wake ana kasoro ndogo kuliko za wenzake au thamani ndogo. Odette alimpa ile ngoma, akamwonyesha mwendo wa kuipiga. Mwanaume yule aliichukua bila kushukuru.

Mwezi wa nane Iriza alirudi likizo kutoka shule ya bweni. Walikuwa wanafua mashuka uani, na Odette akamwambia habari za Mururu, za kiganja na za kulegea. Iriza alikamua shuka mpaka likakauka.

"Nilikuuma," alisema. "Hukumbuki? Nilikuuma mpaka nikasikia damu, na hukuutoa mkono."

Odette aligeuza kiganja, akatafuta. Hakuna kovu lililobaki. Alikuwa amesahau kabisa.

"Nilikuwa nangoja uniulize," Iriza alisema. "Kila mwaka nasema, labda mwaka huu. Lakini ulikuwa umechoka tu." Alichukua shuka jingine. Hawakumaliza maongezi hayo siku hiyo, ila waliyaanza, na usoni pa mdogo wake Odette aliona hasira ya miaka kumi ambayo angeishi nayo sasa waziwazi.

Divine alirudi shuleni muhula wa mwisho. Hakurudi kwenye stoo. Odette alimwona barazani akimnong'oneza msichana mmoja wa darasa lake, sikioni, mkono umekinga. Walipokutana mlangoni mtoto alipita upande wa ukutani. Odette hakumwita. Aliandika mistari mitatu: anaongea nyumbani, anaongea na rafiki mmoja, mimi ananiogopa, na ana haki.

Mwezi wa kumi na moja Nzigire aliamua kurudi Bukavu kuitafuta nyumba ya mdogo wake na kuuliza uliza watu. Alimpelekea Odette habari hiyo kwa mdomo wa mwenye genge la mboga, bila salamu. Siku ya kuondoka kwao Odette alikuwa Cyangugu kwa shughuli za ofisini, na alipotoka alishuka hadi karibu na mpaka. Foleni ilikuwa ndefu. Nzigire alikuwa mbele na karatasi zake, mzigo kichwani. Divine alikuwa amebaki nyuma kidogo, anabishana na mama muuza mapera aliyempa moja lililooza upande. Alikuwa anamwonyesha lile doa, anadai abadilishiwe, kwa Kiswahili cha Bukavu, haraka haraka.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko Odette alivyoifikiria. Aliisikiliza akiwa amesimama nyuma ya gari la mizigo, mpaka pera likabadilishwa na foleni ikasogea.